Picha ya Moyo wa Munyao

Bucha ya Mwandawiro ilikuwa na jina la heshima, Bucha ya Ndara, mpaka siku binti yake alipopanda ndege kwenda Uskochi kusoma. Siku hiyohiyo alimwita fundi wa rangi, akamwambia aifute Ndara yote na kuandika juu ya mlango, kwa herufi nyekundu za kuonekana kutoka stendi: BUCHA YA DAKTARI WA MOYO.

Fundi aliuliza kama hayo maneno hayatawatisha wateja.

"Yawatishe kwa nini?"

"Mtu anayenunua mafuta ya mbuzi hapendi kukumbushwa moyo wake, mzee."

"Wewe andika," Mwandawiro akasema. "Rangi ni yako, binti ni wangu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuzungusha maneno. Mteja akiomba nyongeza aliambiwa nyongeza ataipata kwenye maji ya kuchemshia. Shule aliiacha darasa la sita, akashika kisu, na tangu hapo hakuona sababu ya kumwonea haya mtu yeyote aliyeendelea mbele. Lakini binti yake Mable aliposoma mpaka akamaliza chuo, kisha akapata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea digrii ya pili, Mwandawiro alianza kutembea katikati ya barabara za Voi badala ya kando.

Habari yenyewe aliipata kwa simu. Alikuwa kwa mama yake kule Chawia, ambako mtandao huja na kuondoka na ukungu, akasimama juu ya jiwe la kufulia huku ameziba sikio moja.

"Nimepata, Baba," Mable alisema. "Nitasoma aati therapi."

Kwa Kiingereza aati ni sanaa na haati ni moyo. Tofauti yake ni pumzi moja tu, na pumzi hiyo upepo wa Chawia uliitia. Mwandawiro alisikia haati. Therapi alilijua tayari, kwa sababu shemeji yake alipovunjika mguu alipelekwa therapi, akanyooshwa mpaka akatembea. Basi haati therapi ilikuwa ni kunyoosha mioyo. Alishuka kwenye jiwe akiwa baba wa daktari.

Aliyeipokea habari hiyo kwa furaha kuliko wote ni Munyao, mwenye duka la nafaka lililopakana ukuta na bucha. Munyao alikuja Voi kutoka Ukambani akiwa kijana, na kwa miaka yote hiyo walibishana na Mwandawiro, Mdawida wa milima ya Chawia, kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Walibishana kama ndengu ziitwe ndengu au pojo. Walibishana nani alifagia uchafu mbele ya mlango wa mwenzake. Mmoja akiugua, mwingine alimfungulia duka.

Sasa Munyao alikuwa na jambo kifuani. Lilimwanza wakati wa mvua za mwaka uliopita. Akinyanyua gunia husimama ghafla, anaweka kiganja upande wa kushoto, anangoja, kisha anaendelea kama mtu aliyekumbuka kitu akakisahau tena. Watu walimwambia aende hospitali. Aliwajibu wote jibu moja.

"Namngoja Mable. Siwezi kumpa mtoto wa watu moyo wangu wakati tuna daktari wetu."

"Umesikia hiyo?" Mwandawiro aliwaambia wateja. "Huyo ndiye Mkamba mwenye akili."

Jambo moja tu lilimkera. Munyao alipolitaja somo la Mable alisema "aati", kwa sababu ulimi wake wa Kikamba haukupatana na ile herufi ya kupumua. Mwandawiro alimsahihisha mbele ya kila mtu.

"Haati, Munyao. Toa pumzi. Kama unapuliza moto. Haaati."

"Aati."

"Utatuaibisha siku akija."

Mable alikuja mwaka wa kwanza ulipoisha. Chuo kilikuwa kimemruhusu kufanya sehemu ya mafunzo ya vitendo nyumbani, chini ya mshauri nasaha mmoja mwenye uzoefu hapo Voi. Alishuka kwenye treni na begi moja la nguo, mikebe miwili ya kalamu za rangi, na bomba refu la plastiki ambalo baba yake alilibeba begani kwa uangalifu, akiamini ndani mna chombo cha kupimia.

Mama Mable alikuwa amepika ugali na kuku wa kienyeji. Walipomaliza kula, Mwandawiro alinyanyuka bila kusema neno, akaenda kwenye friza, akarudi na sinia iliyofunikwa kitambaa. Akaiweka mbele ya binti yake na kufunua.

Ilikuwa mioyo miwili ya ng'ombe, imeganda kama mawe.

"Ya kufanyia mazoezi," alisema. "Nimekuwekea. Huyu alikuwa dume, huyu jike. Nilidhani utataka kulinganisha."

Mable aliitazama mioyo, akamtazama mama yake. Mama Mable aliinua mabega. "Mimi nilimwuliza ni ya nini, akaniambia ni mambo ya kitaalamu."

"Baba," Mable alisema polepole, "wewe unafikiri ninasomea nini?"

Alimweleza. Alimweleza vizuri, bila kumcheka mwanzoni. Kuna watu wameumizwa na jambo fulani, wakiulizwa habari yake maneno hayatoki. Unawapa karatasi na rangi. Wanachora, au wanafinyanga, au wanapaka tu rangi ovyo, na wewe unakaa nao. Baadaye mkono ukishasema, mdomo nao hupata pa kuanzia. Ni kazi yenye masomo yake na mitihani yake na sheria zake, na huko Uskochi inafanyika hata hospitalini.

"Kwa hiyo ni kuchora," Mwandawiro alisema.

"Ni tiba, kwa njia ya kuchora."

"Nimeandika daktari wa moyo juu ya mlango."

"Nimeona, Baba. Nimeiona kutoka kwa teksi. Nilifikiri umenunua bucha nyingine."

Hapo Mama Mable alishindwa. Alicheka mpaka akalazimika kutoka nje, wakamsikia akichekea uani na kuku. Mable naye akaangua kicheko. Mwandawiro alifunika mioyo yake na kitambaa, akasema jambo la kweli lililokuwa limemjia kichwani.

"Na Munyao je? Si amekungoja."

"Ameningojea nini?"

"Kifua chake. Kinamshika akibeba mzigo. Tangu mvua za mwaka jana."

Mable aliacha kucheka kama mtu aliyezima taa. "Hajaenda hospitali?"

"Anasema anamngoja daktari wetu."

"Baba, kifua hakingojwi. Anko Munyao lazima apimwe. Kesho asubuhi, si keshokutwa."

"Mwambie wewe basi."

"Nitamwambia. Lakini aliyemwambia kuna daktari ni wewe. Atakusikiliza wewe kwanza."

Mwandawiro hakulala vizuri. Yeye, aliyeweza kumwambia mteja usoni kwamba ni bahili, hakuona njia ya kumwambia Munyao sentensi moja: nilikudanganya bila kujua, nenda hospitali. Angechekwa mpaka Mtito Andei. Hilo angelivumilia. Ambalo hakulitaka ni kuuona uso wa Munyao ukigundua kwamba miezi yote ile alikuwa anangoja mtu asiyekuwepo.

Asubuhi Munyao alikuwa mlangoni kabla hajafungua kufuli. Alikuwa amevaa shati la kanisani na kunyoa ndevu.

"Daktari amefika?"

"Amefika."

"Nimeoga na sabuni ya mtoto, isije ikamwasha mkono akinishika."

Sentensi ilikuwa tayari kinywani mwa Mwandawiro. Ilifika mpaka kwenye meno. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Anasema hawezi kukushika bila picha."

"Picha gani?"

"Picha ya moyo. Ni sheria za huko. Lazima kwanza uwe na picha ya moyo wako mkononi, ndiyo aangalie. Hospitali wanapiga."

Alijiona mwerevu sana. Munyao ataenda kupigwa picha, akiwa pale madaktari wa kweli watamwona, na hakuna mtu atakayelazimika kuaibika. Munyao alishika kidevu kilichonyolewa.

"Bila picha hanioni?"

"Hakuoni."

"Na nikija na picha?"

"Ukija na picha, mambo yamekwisha."

"Sawa," Munyao alisema, akafikiri. "Leo una moyo wa ng'ombe hapo?"

Mwandawiro alishangaa kidogo, lakini alimwonyesha mmoja uliokuwa unaning'inia kwenye ndoano. Munyao aliuzunguka, akauinamia, akaugeuza kwa kidole, akauliza bomba hili kubwa ni la nini. Kisha akashukuru na kwenda zake. Alipita dukani kwake kwanza, na Mwandawiro akamwona akifunga mlango.

"Ameenda," alimwambia Mable kwa simu. "Nimelimaliza."

"Umemwambia ukweli?"

"Nimemwambia ya kutosha."

Saa nne alimwachia shemeji yake kisu, akampeleka Mable Marungu kwa pikapu ya kubebea nyama. Kulikuwa na ukumbi wa kanisa ambamo Mable angekuwa anakutana na watu waliovamiwa na ndovu. Wengine walipoteza mahindi yote kwa usiku mmoja, wengine walipoteza zaidi ya mahindi. Alimwambia baba yake abaki garini. Yanayosemwa mle ni ya wenyewe.

Mwandawiro alibaki garini kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu. Alitarajia kusikia vilio. Badala yake alisikia watu wazima wakigombania rangi ya kijani. Kisha mwanamke mmoja akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini bila kusimama. Mwandawiro alijikuta amefika dirishani, ameshikilia nondo, anachungulia. Mable alimwona. Alikuja taratibu, akasema, "Baba, gari liko kule," akamfungia dirisha puani.

Walipotoka, mama mmoja wa hapo, Mama Festus, ambaye alikuwa mteja wake siku za soko, alimfuata mwenyewe na karatasi yake.

"Umeona ndovu wangu, Mwandawiro?"

Alikuwa ndovu kweli, ana mkonga na kila kitu, lakini alikuwa mdogo kuliko kuku aliyechorwa kando yake.

"Mbona umemfanya hivi? Huyu hata mimi naweza kumpima kwenye mizani."

"Ndiyo maana," Mama Festus alisema. "Tangu alipovunja jikoni, kila nikifumba macho namwona amejaa mlango mzima. Leo karatasi ilikuwa yangu. Nimemweka saizi ninayotaka." Aliikunja karatasi vizuri, akaiweka kifuani ndani ya nguo. "Msichana wako hakunifundisha kitu. Alikaa tu, akaniuliza kuku anaitwa nani. Nikamwambia, halafu nikamwambia na mengine."

Njiani kurudi, Mwandawiro aliendesha bila redio. Walipofika barabara kuu alisema, "Kwa hiyo unalipiwa masomo ujue kukaa kimya."

"Karibu hivyo."

"Mama yako hajawahi kuliweza hilo." Kisha, baada ya kuyapita malori mawili: "Ni kazi ngumu. Nimekaa kimya tangu Marungu, na nimechoka."

Munyao alikuwa anawangoja mbele ya bucha. Alikuwa amekalia debe lake, magoti yamebana, na juu ya magoti kulikuwa na karatasi ya kaki, ile ngumu ya kufungia sukari, imekunjwa mara mbili. Alisimama walipokuja, akavua kofia.

"Karibu nyumbani, daktari wetu."

"Asante, Anko. Umeenda hospitali? Wamesemaje?"

"Hospitali ya nini? Baba yako alisema nije na picha." Akaingia ndani, akaitandaza karatasi juu ya kaunta, akaweka jiwe la mizani upande mmoja isijikunje. "Nimekuja nayo."

Alikuwa ameichora kwa ile kalamu nene ya kuandikia magunia. Ulikuwa moyo wa ng'ombe bila shaka yoyote. Bomba kubwa lilikuwa mahali pake, hata mafuta ya pembeni aliyakumbuka. Alikuwa ameichora kwa bidii kiasi kwamba karatasi ilitoboka sehemu mbili.

Mable aligeuza shingo polepole kumtazama baba yake. Mwandawiro alipokea kisu kwa shemeji yake, aliyekuwa anaaga, akaanza kukinoa ingawa kilikuwa kikali tayari.

"Tutaongea," Mable alimwambia. Kisha akaegemeza viwiko kwenye kaunta, akaiangalia picha kama mtu aliyetengewa chakula na mwenyeji. Hakucheka. Hakusema ni nzuri, hakusema ni mbaya.

"Umeichora mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nimefunga duka. Wateja wamepiga mlango wakachoka."

"Na hapa katikati?"

Katikati ya moyo kulikuwa na kisanduku kirefu chenye kitone upande mmoja.

"Mlango," Munyao alisema.

"Moyo wa ng'ombe hauna mlango," Mwandawiro alidakia. "Nimepasua mingi."

"Baba."

"Nasema tu."

"Wa kwangu unao," Munyao alisema. "Sijui nilivyouweka. Kalamu ilienda yenyewe."

"Ni mlango wa wapi, Anko?"

Munyao alikaa. Alitazama nje, ambako pikipiki zilikuwa zinapita na mizigo ya mkaa. Mable hakuuliza tena, na Mwandawiro, kwa mara ya kwanza katika maisha ya bucha ile, aliweka kisu chini bila kukata kitu.

"Mutuku," Munyao alisema. "Ndugu yangu. Nilimpeleka hospitali akitembea kwa miguu yake. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alinipa nimshikie, akasema naingia mara moja natoka. Mlango ulikuwa hivi, wa kijivu. Chai ikapoa. Nikaenda nikanunua nyingine, nikamshikia hiyo nayo." Alifuta paji la uso kwa kofia. "Daktari aliniambia Mutuku alichelewa. Alikuwa ameuficha ugonjwa miaka. Hawakuwa na makosa, walijaribu. Lakini mimi nikiona ule mlango, miguu inagoma. Nimefika getini mara nyingi, mnajua? Nafika, nanunua machungwa kwa yule mama, narudi."

"Yale machungwa," Mwandawiro alisema. Kwa miezi mingi Munyao alikuwa akimpa machungwa bila sababu.

"Ndiyo hayo."

Mable aliigusa karatasi kwa kidole. "Asante kwa kunionyesha, Anko. Sasa kuna jambo lazima ulijue kuhusu mimi. Mimi si—"

"Niache mimi," Mwandawiro akamkatiza. Alijifuta mikono kwenye aproni, akatoka nyuma ya kaunta na kusimama mbele ya rafiki yake, kwa sababu aliona si jambo la kusema mtu akiwa amejificha nyuma ya mizani. "Munyao. Mable si daktari wa moyo. Nilisikia vibaya. Anasomea kutibu watu kwa kuchora. Ni kazi nzuri, nimeiona leo, lakini haipimi kifua. Nimekungojesha bure, na leo tena nimekutuma picha kwa sababu niliogopa kukuambia."

Munyao alirudisha kofia kichwani.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ni kuchora. Binti yangu Mumbe aliniambia Krismasi, alipokuja kutoka Nairobi. Aliona bango lako, akaniuliza. Nikamwambia Mable anasoma aati. Akasema, Baba, aati ni sanaa, si moyo." Uso wa Munyao ulianza kufunguka polepole. "Mwaka mzima umenisahihisha mbele ya watu, Mdawida. Toa pumzi, Munyao. Puliza moto, Munyao. Na aliyekuwa anasema vizuri ni mimi."

Mable alijiziba mdomo. Mwandawiro alitoka mpaka mlangoni, akalitazama bango, akarudi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenipeleka hospitali."

Neno hilo wote watatu walilielewa kwa pamoja, na Munyao mwenyewe alilisikia kwa sauti yake mwenyewe, akatazama chini.

"Sasa huna wa kumngoja," Mable alisema kwa upole. "Siwezi kukutibu hata kwa kuchora, Anko. Wewe ni mtu wa nyumbani, sheria zetu hazikubali. Ukitaka kuongea ya Mutuku, nitakupeleka kwa mshauri ninayefanya naye kazi. Lakini kifua kwanza. Leo."

"Kesho."

"Leo," Mwandawiro alisema. Alikwenda kuvuta mlango wa chuma wa bucha. Mteja mmoja alikuwa anakaribia na kikapu. Akamwambia nyama imelala. Funguo akazitia mfukoni, karatasi ya kaki akaichukua juu ya kaunta na kuikunja. "Ingia garini."

Getini kwa hospitali, Munyao aliomba wasimame anunue machungwa. Mwandawiro akanunua yeye, akamwekea mapajani. Waliingia ndani, wakajiandikisha, wakakaa kwenye benchi. Alipoitwa jina, Munyao alisimama vizuri, akatembea vizuri, na mbele ya mlango wa chumba cha kupimia akawa nguzo. Mlango wenyewe ulikuwa wa buluu, wala hii haikuwa hospitali ya Mutuku. Haikusaidia. Machungwa yalianza kudondoka moja moja.

Muuguzi mmoja, Kavinya, alimsemesha kwa Kikamba kwa sauti nzuri. Munyao aliitikia kwa heshima bila kuondoa mguu. Watu wa foleni walianza kuguna.

Mable alitaka kusogea. Baba yake alimshika mkono. Alitoa mfukoni ile kalamu ya kuandikia bei za nyama, akaifungua kifuniko kwa meno, akaitandaza karatasi ya kaki ukutani na kuanza kuchora. Ulimi ulimtoka pembeni kama mtoto wa chekechea. Alipomaliza alimgeuzia Munyao.

Ndani ya ule mlango, katikati ya moyo, sasa kulikuwa na mtu. Kichwa kilikuwa kama kiazi. Tumbo lilikuwa kubwa kuliko mlango wenyewe, limemwagika pande zote mbili. Mkononi alikuwa na kitu.

Munyao aliinama kutazama. "Huyu ni nani?"

"Ni mimi. Nimeshaingia."

"Na hiki?"

"Kikombe. Chai yako iko moto bado, kwa hiyo usinikawize."

Munyao alitazama lile tumbo. Mabega yalianza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaangusha chungwa la mwisho, na alipokuwa bado anacheka Mwandawiro alimshika kiwiko na wakapita mlangoni pamoja, kwa ubavu, kwa sababu wawili hawakutoshea.

Kavinya alimlaza Munyao, akambandika nyaya kifuani na miguuni. Mashine ikatema karatasi ndefu yenye mistari. Daktari kijana aliisoma, akamsikiliza, akamwuliza maswali mengi juu ya magunia na chakula na usingizi. Alisema moyo unapiga vizuri. Presha imepanda kidogo, ya kuangaliwa. Maumivu mengi yalitokana na misuli ya kubebea, na tumbo lenye asidi, na mengine yalikuwa ya mtu mwenye mawazo. Arudi tena kwa vipimo zaidi, na asinyanyue gunia peke yake.

"Na huyu mzee?" Kavinya aliuliza. "Maadamu ameshaingia, tumpime naye."

"Mimi ni msindikizaji," Mwandawiro alisema.

"Nimeshaingia," Munyao alimwigiza kutoka kitandani. "Kaa chini, Mdawida."

Alikaa. Kitambaa kilimbana mkono, kikapumua. Kavinya alitazama namba, akapima tena mkono wa pili, akamwita daktari. Daktari alimwuliza anafanya kazi gani. Akamwuliza anakula nini. Mwandawiro alijibu yote mawili kwa neno moja.

Alitoka na vidonge vya kumeza kila siku na onyo juu ya chumvi na mafuta. Munyao alitoka na kipande chake cha karatasi ya mashine. Kwenye benchi aliigeuza huku na huku, akamwonyesha Mable.

"Hii ndiyo picha waliyonipiga. Wewe ni mtaalamu, niambie. Huyu mchoraji anajua?"

"Sisi hatusemi hivyo, Anko. Wewe unaona nini?"

Munyao alifuata mistari kwa kidole, kupanda na kushuka. "Naona milima ya kwao huyu Mdawida. Hapa ni Chawia. Hapa mtu anashuka kuja Mwatate. Halafu hapa tena anapanda, halafu hapa tena." Alitikisa kichwa. "Ya kwangu ilikuwa na mlango. Ilikuwa bora."

Jioni hiyo Mwandawiro aliegemeza ngazi ukutani kwa bucha, na kopo la rangi nyeupe mkononi. Alikuwa amefikia herufi ya kwanza ya DAKTARI wakati Munyao alipotoka dukani kwake na kiti, akakiweka chini ya ngazi na kukaa.

"Shuka," alisema.

"Si kweli hilo bango. Naliondoa."

"Liache. Wateja wangu wanajua duka langu kwa hilo bango. Nimewaambia liko karibu na daktari wa moyo."

"Na wakimwulizia daktari?"

Munyao alikuwa amebeba ile karatasi ya kaki na vipande vinne vya karatasi ya gundi. Alisimama juu ya kiti chake, akaibandika kwenye kioo cha bucha, chini ya bango, moyo na mlango na tumbo lililomwagika. Akashuka, akarudi nyuma kuitazama.

"Waambie yuko ndani," alisema. "Na kabla hujashuka, niambie jina la somo la mtoto wako. Nataka nisikie."

Mwandawiro alishikilia ngazi. Barabara nzima ilikuwa inasikiliza. Mama Mable na Mable walikuwa wamesimama mlangoni.

"Aati," alisema.

"Vizuri. Bila pumzi. Tena."